Sura ya Saba: Mgonjwa wa Plastiki

Libérata Uwamwezi alikuwa amekiri kabla hajaulizwa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Grégoire Nzabandora tangu alipoketi. Katika kazi yake ya upelelezi alizoea watu wanaokana hata wakikutwa na kuku wa mwenzao kwapani. Huyu msichana wa mwaka wa mwisho wa uuguzi aliletwa ndani ya ofisi ya polisi ya Kibua, akakaa kwenye benchi, akabana magoti, akasema yote kwa mkupuo mmoja kama somo la kukariri. Yeye ndiye aliyeiba manekini ya chuo. Aliitoa chumba cha mazoezi siku ya Jumamosi, akaiuza Kashebere kwa mtu asiyemjua. Baada ya hapo akatazama ukuta.

Manekini yenyewe ilikuwa sanamu ya plastiki ya kimo cha mtu mzima, yenye mikono inayokunjika na kifua kinachofunguka, ambayo wanafunzi wa uuguzi hujifunzia kuchoma sindano, kufunga vidonda na kumgeuza mgonjwa kitandani. Chuo kisicho nayo hakipewi kibali cha serikali. Na chuo cha Kibua kilikuwa maji ya shingo. Tume ya ukaguzi ilipita Jumatatu, ikakuta kitanda kitupu, ikaambiwa na mkurugenzi kwamba kuna mwizi, ikasema itarudi Ijumaa ikitoka Walikale. Ikikuta manekini, au ikipewa hati ya polisi inayothibitisha kwamba imeibwa kweli, kibali kitaendelea. Ikikosa vyote viwili, diploma za darasa zima hazitatambuliwa popote, na hakuna chuo kikuu kitakachompokea hata mmoja wao kusoma lisansi, ile shahada ya kwanza.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Grégoire akauliza aliibeba vipi. Mgongoni, akasema. Kutoka Kibua mpaka Kashebere, mlima baada ya mlima, sanamu yenye kimo cha mtu, mchana kweupe? Njo vile, Papa. Na mnunuzi alikuwa na sura gani? Alikuwa muntu tu. Ana ndevu, hana? Msichana akafikiri kidogo, akasema ndevu zilikuwapo, kiasi. Inspekta akaweka kalamu chini. Alikwisha kuandika maungamo mengi ya uongo maishani mwake, lakini yale yalitoka kwa watu waliopigwa. Huyu hakuna aliyemgusa. Alikuwa amechana nywele, amevaa blauzi yake nyeupe ya hospitali, na alionekana mpweke kuliko mfungwa yeyote aliyewahi kukaa mbele yake.

"Mwizi wa mbuzi anajuaka atauzisha nani," Grégoire akamwambia. "Wewe ulipata wapi muntu wa kununua mugonjwa wa plastiki?"

Libérata akaugeukia ukuta tena.

Mkurugenzi Jean-Luc Hakorimana alimpokea kwenye ngazi za chuo akiwa na shati lililopigwa pasi na Kifaransa kilichopigwa pasi vile vile. Alisema jambo hilo limemuuma sana. Msichana alikuwa wa kwanza darasani, tayari alikwisha kuulizia nafasi ya lisansi Goma, lakini tamaa imemponza. Yeye mkurugenzi hakutaka makuu, alitaka hati tu, isainiwe kabla ya Ijumaa. Aliiomba hati hiyo tena walipopita uwanjani, na tena walipofika mlango wa chumba cha mazoezi, mpaka Grégoire akaanza kujiuliza kwa nini mtu aliyeibiwa hajauliza hata mara moja kama mali yake itapatikana.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha chuma, mti wa kutundikia chupa za serumu, na kabati la vioo lenye mikasi na bandeji. Inspekta akauliza manekini ililala wapi. Hapa kitandani, akaambiwa, tangu chuo kilipofungua milango. Akainama, akabonyeza godoro. Lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, na nailoni yenyewe haina hata mkunjo. Akauliza choo kiko upande gani, akazunguka nyuma ya jengo, na huko chini ya ukingo wa bati akakuta rundo la vigogo vya mgomba, vingine vibichi, vingine vimeoza na kuwa vyeusi. Akaokota kimoja. Kilikuwa kimetobolewa matobo madogo mstari kwa mstari, kama kitambaa kilichopita kwenye cherehani isiyo na uzi. Kingine kilikuwa kimepasuliwa kwa wembe kisha kikashonwa, mshono wa mtu mwangalifu. Akakitia kwenye begi lake.

Wanafunzi walikuwa wakimchungulia dirishani. Alipowauliza habari za mwenzao walitazamana, na msichana mmoja aitwaye Cindy akajibu kwa niaba ya wote.

"Mukubwa, amesha kubali. Andika tu, iishe. Siye wote tuko na lisansi ya kufanya."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa uchovu, kama mtu anayeomba mlango ufungwe kwa sababu baridi inaingia. Grégoire akauliza ni nani kati yao amempelekea Libérata chakula tangu afungwe. Wakainamisha vichwa, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudi kwenye madawati yao.

Akanunua bugali na sombe ya majani ya mihogo kwa mama mmoja karibu na soko, akarudi ofisini, akaweka sahani katikati ya meza na kumwambia msichana asogee. Walikula pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kwa Grégoire kula na mtu. Mkewe Adelaïde na watoto walikuwa Goma, mtandao wa Kibua ulikuwa umekufa, na jioni chumba alichopewa kwenye parokia kilikuwa kimya kiasi kwamba alijikuta akiongea na viatu vyake. Alifurahi kumsikia mtu mwingine akitafuna, na hakuona haya kufurahi.

Sahani ilipokwisha akatoa kigogo cha mgomba kwenye begi, akakiweka mezani.

"Mugonjwa wenu njo huyu," akasema. "Kule hakukuwa manekini hata siku moja. Godoro haijalaliwa na muntu wala sanamu."

Libérata akanyoosha mkono, akapapasa ule mshono kwa kidole.

"Ule mushono iko wangu," akasema, na hapo machozi yakamshinda.

Akaeleza. Chuo hakikuwahi kuwa na manekini. Kila tume ilipokaribia, mkurugenzi aliazima kwa rafiki yake mwenye shule ya uuguzi Nyamitaba, upande wa Masisi, na rafiki naye akikaguliwa aliazima hadubini ya Kibua. Watu wa milima ile huazimana viti vya harusi na sufuria za ubatizo, na hakuna aliyeona dhambi kuazimana mgonjwa. Safari hii alitumwa Libérata kwa sababu kwao ni Nyamitaba na njia anazijua. Akapewa wabebaji. Tatizo lilikuwa vizuizi vya barabarani, ambako kila mzigo hulipishwa, na kitu kigeni kama kile kingezuiwa kabisa. Maiti peke yake hupita bure. Kwa hiyo wakaifunga manekini kwa shuka nyeupe, wakaizungushia turubai la plastiki, wakaifunga juu ya tipoyi, ile machela ya miti inayobebwa mabegani, na Libérata akatembea nyuma yake kitenge kichwani, akilia. Kila kizuizi wanaume walivua kofia.

Walipokuwa wamebakiza mwendo mdogo kuingia Kashebere, risasi zikalia ukingoni mwa mlima. Wabebaji wakatupa tipoyi, kila mtu akashika njia yake. Libérata alilala kifudifudi ndani ya shamba la mihogo mpaka kukatulia, na aliporudi barabarani hakukuta sanamu wala tipoyi.

"Nilikuya kumuambia Directeur. Akasema nikubali tu kama niliiba hapa ku masomo. Komisyo ikipita atatoa mashitaka, diploma itatoka, na miye nitaenda kusoma lisansi sawa wengine." Akajifuta uso. "Ningefanya nini, Papa? Darasa yote ilikuwa inaniangalia."

Grégoire alimpa muda wa kutulia, kisha akamweleza mambo yalivyo, polepole, kwa sababu aliona hakuna mwingine atakayemweleza. Maungamo yakishasainiwa huenda kwa mwendesha mashtaka, na mkurugenzi hawezi kuyarudisha hata akitaka. Chuo kikuu humdai kila anayeomba lisansi karatasi ya mahakama inayosema hajawahi kuhukumiwa. Wenzake wote watakwenda na diploma zao. Yeye ndiye atakayebaki. Na ukweli ukiandikwa, chuo kitaonekana kilivyo, kibali kitaondolewa, na darasa zima litabaki, yeye akiwamo.

"Basi pande zote mbili miye siendi."

"Upande moja unaanza upya ku masomo ingine, mwaka wa kwanza. Upande ingine hauanzi kabisa."

Na hata huo ukweli, akaongeza, kwa sasa ni neno la msichana aliyekwisha kukiri dhidi ya neno la mkurugenzi. Bila manekini hautasimama. Akauliza kama ilikuwa na alama. Libérata akasema iko chini ya nyayo: jina la shule ya Nyamitaba, kwa rangi nyekundu, ili isipotelee kwa waazimaji.

Alhamisi asubuhi alimpakia nyuma ya pikipiki yake na kushuka naye Kashebere. Kwanza walipoteza muda. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Byukusenge alikuwa ametandaza turubai la plastiki la buluu juu ya magunia yake ya maharage, na Libérata aliapa kwamba ndilo lile lile. Grégoire akalikagua kila pembe. Pembe zote zilikuwa na matundu ya misumari, yaliyoshika kutu, na Byukusenge akamwonyesha kibanda lilikotoka, paa likiwa wazi na mvua imeingia. Turubai la kufungia maiti halina kutu ya misumari. Inspekta akaomba radhi, akanunua maharage kidogo ambayo hakuyahitaji, wakaenda mpaka mahali penyewe.

Palikuwa kona ya barabara, mihogo huku, bonde kule. Mvua ilikuwa imefuta nyayo. Grégoire alitembea taratibu kandokando, akichungulia mfereji na majani. Hakuona kipande cha plastiki wala uzi wa shuka wala kamba iliyokatwa. Akasimama, akamuuliza Libérata tipoyi ilikuwa ya thamani gani. Miti miwili na kamba, akajibu, nani angeitaka?

"Njo hapo," akasema Grégoire. "Mwizi angefungua kwanza aone iko nini ndani. Angekata kamba hapa, angetupa miti. Huyu aliinua yote sawa vile ilikuwa, hakufungua. Alijua iko nini. Ao aliona kama anajua."

Libérata alimkodolea macho, kisha akageuka kutazama nyumba za Kashebere kule juu.

Kiongozi wa mtaa, Papa Dusabimana, alikuwa akipanga matofali yake yakauke. Inspekta alimuuliza risasi za Jumamosi ziliua wangapi. Hakuna, akajibu, ilikufa mbuzi moja tu, na hiyo ililiwa. Basi lile turubai la matanga pale juu, na wale wanawake kwenye mikeka, ni la nani? Hao wanaomboleza mwingine, akasema Dusabimana. Ni Evode, mtoto pekee wa Mama Mukasine, yule aliyepotea msituni na mzigo wa maharage mwaka jana. Jumamosi hiyo hiyo watu wasiojulikana walikuwa wakimrudisha nyumbani, risasi zikawatawanya, wakamwacha barabarani.

Grégoire akavuta jiwe, akaketi, akaomba asimuliwe vizuri. Dusabimana akasimulia bila kusita, akionekana kuwa na fahari kidogo kwa namna mji wake ulivyotenda. Walimkuta amefungwa vizuri, shuka safi, kazi ya watu wenye heshima. Pale kwao hakuna anayefungua maiti ya mwenzake njiani. Unainua ulichokuta, unapeleka kwenye nyumba, unauliza ni wa nani. Walipouliza, Mukasine akatoka kwake, akainua shuka upande wa uso, akafunika tena, akasema ni wangu. Alitaka kumwosha peke yake kwa kuwa, alisema, msitu umemharibu na hataki aonekane. Kesho yake wakazika.

"Alikuwa muepesi sana," Dusabimana akamalizia. "Siye tuliomubeba tulisikitika. Tukasema njaa ya musitu ilimumaliza."

Libérata aliziba mdomo kwa mkono. Grégoire akamshukuru mzee, akasimama, na wote wawili wakapanda kilima.

Nyumba ya Mukasine ilikuwa ya mwisho, shamba la maharage likiwa nyuma yake. Chini ya turubai wanawake wachache walikuwa wamekaa, sufuria ikichemka juu ya mawe matatu mbele yao. Mukasine alikaa katikati yao, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Upande wa shamba kulikuwa na kaburi jipya, msalaba wa mbao na maua ya mwituni yaliyobadilishwa asubuhi hiyo. Grégoire alitoa pole kama inavyotakiwa, akaomba maneno ya faragha, na mama akawaingiza ndani. Mlikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na kikombe kimoja kwenye msumari.

"Mama, wewe njo ulimunawisha?"

"Miye."

"Peke yako?"

"Niko mama yake."

"Nilizika baba yangu kule Nyamitaba," akasema Grégoire. "Tulikuwa wanaume watatu ku kumugeuza, na bado alitushinda. Muntu akikufa anakuwa muzito. Wewe ulimugeuza namna gani?"

"Alikuwa muepesi," akajibu Mukasine, na mara alipolisema akaonekana kulisikia. Akashika ukingo wa kitanda, akaketi. Kisha akamtazama Libérata na kuuliza huyu binti ni nani.

Grégoire akamwambia. Huyu ndiye aliyekuwa akitembea nyuma ya tipoyi. Amefungwa Kibua kama mwizi wa kile kilichokuwa juu yake, na kama kisipoonekana hatasoma tena.

"Sikujua kama kuko muntu anafungwa juu yake," akasema Mukasine. Alisema hivyo mara mbili. "Nilipoinua shuka nikaona ile macho ya plastiki. Nilitaka hata kucheka. Kisha nikaangalia inje, nikaona batu yote ya Kashebere banasimama, kofia mu mikono. Evode alipotea, hakuna hata muntu moja alikuya kukaa na miye. Banasema bila maiti hakuna matanga. Mwaka yote nililala humu peke yangu, sijue kama nilie ao ningojee. Nikasema: iko wangu."

Grégoire alikuwa amehoji wauaji na wanyang'anyi bila moyo kumwenda mbio, lakini hapa alihisi aibu ya kuwa na kazi aliyo nayo, na akatamani kesi ingefika kwa mtu mwingine.

Sheria ilimpa uwezo wa kufukua kaburi bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema hilo wakati Mukasine alipomgeukia msichana.

"Wewe, binti. Unataka tuitoe?"

Grégoire, aliyezoea kusoma nyuso, alimwona Libérata akilipitia jambo lote tangu mwanzo: ikibaki ardhini, Cindy na wenzake wanakwenda Goma na mama huyu anabaki na kaburi lake, anayepotea ni mmoja tu. Ikitoka, jina lake linasafishwa, na darasa zima halitamsamehe.

"Mama, unisamehe," akasema mwishowe. "Miaka yote ile nimechoma mugomba. Nimeshona mugomba. Directeur alisema lisansi itatufundisha ile tulikosa, na miye nilitaka lisansi sana, nilikubali hata kuitwa mwizi. Lakini kule hawafundishake sindano. Banaona kama unaijua. Siku moja muntu ataniletea mutoto wake."

Mukasine akainuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka nalo uani.

Kaburi halikuwa refu. Wanaume wawili waliitwa wakachimba, Dusabimana akisimama kando bila kuelewa, kisha akielewa. Shuka ilipotoka, Mukasine hakumruhusu mtu kuifungua. Aliifungua mwenyewe, kuanzia miguuni, na Grégoire akapiga magoti akafuta tope kwenye nyayo. Rangi nyekundu ilikuwapo, jina la shule ya Nyamitaba likisomeka herufi zote. Manekini ililala juu ya majani, macho wazi, kifua kimeingia maji kidogo.

Dusabimana akavaa kofia yake, akashuka kilima. Wanawake wakakunja mikeka. Mmoja aliinua sufuria yake juu ya mawe ya jiko, maharage bado magumu, akaondoka nayo kichwani bila kuaga. Wale wachimbaji wawili waliegemeza koleo ukutani na kupita njia ya nyuma. Haukupita muda uwanja ukawa na watu watatu tu, na Mukasine akawa anautazama kama mtu anayeingia nyumba aliyokwisha kuhama.

Grégoire akaandika maelezo mapya juu ya tangi la pikipiki. Libérata akayasoma na kusaini, na inspekta akayachana yale ya kwanza mbele yake, akamwambia yuko huru. Kesho angeweka manekini na maelezo hayo mbele ya tume. Mkurugenzi angeitwa kujibu, na shule ya Nyamitaba pia ingeulizwa juu ya kuazimana kwao. Hakumficha kwamba chuo cha Kibua hakitavuka wiki hiyo.

"Najua," akasema Libérata.

Lilibaki jambo moja dogo la aibu. Pikipiki ilikuwa na nafasi moja nyuma, na nafasi hiyo ilihitajika kwa sanamu. Grégoire alianza kueleza kwamba angeweza kurudi kumchukua Jumamosi, lakini msichana akatikisa kichwa. Kibua hakuna aliyekuwa akimngoja. Akamsaidia kufunga manekini kwenye kiti, akakaza kamba kifuani na kiunoni kwa mafundo mazuri ya kiuguzi, kisha akaenda kuchukua koleo moja ukutani. Mukasine alikuwa amekwisha kuanza kurudisha udongo.

Walifanya kazi hiyo wakitazamana, kila mmoja upande wake. Grégoire alikuwa na funguo mkononi, na hakuna kilichomzuia kuondoka, ila hakuondoka.

"Mama," Libérata akauliza, bila kuacha kufukia, "Evode alikuwa muntu wa namna gani?"

Mukasine akasimamisha jembe. Mwaka mzima watu walikuwa wamemuuliza Evode alipotelea upande gani, alivaa nini, alifuatana na nani. Maswali ya kipolisi, kama ya Grégoire mwenyewe. Hili lilikuwa geni. Akatafuta pa kuanzia. Akasema kwamba alikuwa anapenda kuimba vibaya. Kisha akaketi pale pale kwenye ukingo wa shimo na kuanza kulia kwa sauti, na Libérata akaweka koleo chini, akaketi naye.

Grégoire akaisukuma pikipiki kwa miguu mpaka chini barabarani, na huko ndiko alikoiwasha.